Kadi Saba za Ujinga

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimefunguliwa mlango wa historia. Naandika polepole ili mwandiko uwe safi.

Chumba chetu cha kamusi kipo ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Meza mbili, kabati la droo ndogo ndogo, birika la umeme linalopiga mluzi. Meza moja ni yangu. Ya pili ni ya Mkalimani, mstaafu wa mahakama, mtu wa suruali zilizonyooshwa hadi unaogopa zitakukata. Asubuhi Mkurugenzi wetu, mama mpole mwenye miwani machoni na nyingine kichwani, aliingia na karatasi. Maneno saba ya Kiingereza ya kumwita mtu mjinga: silly, fool, idiot, dunce, simpleton, blockhead, nincompoop. Kamusi za zamani, alisema, zimeyatupia yote neno moja, "mjinga", basi, kazi imekwisha. Yeye anataka kila neno lipate mwenzake wa uzito uleule. Sisi wawili tushindane. Atakayemridhisha kufikia Jumatatu ijayo, jina lake litachapwa kwenye jalada, chini ya lake. Mhariri Msaidizi!

Nimefundisha miaka thelathini na moja kwa vitabu vyenye majina ya watu wengine.

Masharti: kila neno na kadi yake. Mbele, neno la Kiingereza, la Kiswahili, na maelezo. Nyuma, mahali neno liliposikika, aliyesemwa, na sahihi ya aliyelisema. Bila sahihi, kadi haina maana. Mkalimani alinuna. Miaka ishirini na sita amesikia matusi mahakamani na hana sahihi hata moja. Maskini.

Nifafanue kwa faida ya vizazi. Mjinga hajui. Mpumbavu anajua, na bado anafanya. Mpuuzi anajua pia, lakini anacheza. Ukimwita mtu mjinga umempeleka shule. Ukimwita mpumbavu umemfungia mlango wa shule. Haya hata mke wangu hayajui, ingawa nimemweleza mara nyingi.

Tatizo ni moja. Watu hawatukani ovyo mbele ya mzee. Wanahitaji kusaidiwa. Kesho naanza kuwasaidia.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya mavuno!

Nilianza na Kiingereza chenyewe. Wakati wa chai nilisoma orodha kwa sauti huku nikimtazama Mkalimani usoni, kisha nikaandika matokeo. Silly: alitabasamu. Fool: aliacha kukoroga chai. Blockhead: alijipapasa kipara. Idiot: alichukua kikombe chake akaenda kunywea ngazini. Nincompoop: alirudi mlangoni akacheka hadi chai ikampalia. Ugunduzi mkubwa. Neno fupi hupiga kofi. Neno refu hutekenya.

Kisha Kiswahili. Nilimpelekea fundi viatu jozi yangu nyeusi nikamwomba abandue soli. Akabandua. Nikamwomba azirudishe. Akazirudisha. Nikamwomba ya kushoto aitie kiatu cha kulia. Akaweka nyundo chini, akaniambia polepole kwamba mimi ni mjinga. Nikatoa kadi! Alitia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa. Nikaenda kwa kinyozi nikamwomba aninyoe nusu ya kulia tu, ile nyingine nitaileta Ijumaa. Mpuuzi. Sahihi. Muuza magazeti nilinunua kwake gazeti la jana, nikarudi kulalamika kwamba habari zimechacha. Mpumbavu. Sahihi.

Kadi tatu kwa siku moja. Mkalimani ameshinda posta, kwenye benchi, bila bahasha wala parseli. Anangoja tu. Mtu wa kuhurumiwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimehujumiwa.

Mkurugenzi alizigeuza kadi zangu tatu. Chini ya sahihi yake, fundi viatu alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "Nilichokozwa." Kinyozi: "Mimi pia." Muuza magazeti alikuwa ameandika mstari mrefu zaidi, ambao sitaunakili. Sikuwa nimesoma. Mtu akishatia sahihi, ya nini kusoma?

Alinieleza kwa upole kwamba tusi la kuchokonolewa ni kama kifaranga kilichopasuliwa yai: kitatoka, lakini hakitatembea. Neno lije lenyewe. Kadi zote tatu zikaenda kwenye ndoo ya taka, na mbaya zaidi Mkalimani akaweka mbili mezani. Mama mmoja kwenye foleni alimwita mwanawe mpuuzi kwa kulamba stempu zisizo zake. Karani wa posta alijiita mwenyewe mjinga baada ya kugonga muhuri kwenye sandwichi yake. Zote za hiari. Maelezo yake mistari miwili miwili, ufukara mtupu. Yangu huwa kurasa nne kwa kila neno, nazibana kwa pini.

Mkalimani alinikaribisha benchini posta. Akasema mzee mwenzangu, nafasi ipo, njoo tusikilize pamoja. Nikakataa. Mshindani hakupi kiti ila kina msumari.

Alhamisi, 7 Machi

Leo niliamua kupumzisha akili na kuwa mume mwema. Jumamosi mama mkwe anakuja kutukalia wiki mbili. Bomba la jikoni linavuja, na mke wangu alikuwa amemwita fundi bomba aje saa nne. Saa tatu nikaona ni vizuri fundi akute kazi imeanza. Muda wa fundi ni mali.

Nilifungua nati moja tu.

Yaliyofuata nitayaeleza kisayansi. Maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya bomba yana hasira. Yalipiga dari, yakarudi, yakaelekea chumba cha wageni kana kwamba yamewahi kufika, yakaloweka godoro la mama mkwe. Fundi alipofika alinikuta nimeziba tundu kwa kidole gumba. Nikaona ni wakati mzuri wa kumweleza kanuni ya mgandamizo. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza kama nilifunga koki kubwa ya nje. Nikamwambia koki kubwa ni mada nyingine, tutaifikia. Akatoka, akaifunga, akarudi, akakung'uta viatu vyake.

"Mzee wangu," akasema, "samahani kwa umri wako, lakini wewe ni kichwa maji."

Bila kuombwa! Bila kuchokozwa! Nilimkumbatia. Blockhead! Tena mtazame tofauti ilivyo tamu: Waingereza wameweka gogo katika kichwa cha mtu wao, sisi tumeweka maji. Gogo haliingizi neno. Maji hupokea kila neno, kisha hulimwaga. Nilimweleza fundi haya yote akiwa anatia sahihi. Wino ulichuruzika lakini jina linasomeka.

Mke wangu alikuwa amepiga magoti na tambara, amelowa hadi viwiko. Aliponiona nacheza na kadi alinitazama, akajizuia, akashindwa, akacheka kwa pua. "Mpuuzi wewe," akasema. Hiyo ndiyo silly! Ndani yake mna kofi na mna ndoa. Akatia sahihi kwa mkono wenye povu, akaniambia sasa nishike tambara upande wa pili.

Kadi mbili halali. Sijachokoza mtu. Nilikuwa najitahidi tu.

Ijumaa, 8 Machi

Andika tarehe hii kwa wino mwekundu.

Godoro lilihitaji kukauka kabla ya kesho. Tunakaa ghorofa ya tatu. Nililipandisha kwenye ukuta wa kibaraza, nikalitandaza nusu ndani nusu nje, kwa usawa. Nikalowesha kidole nikapima upepo. Wa wastani. Nikaingia ndani kunywa chai.

Chini yetu anakaa fundi cherehani. Kibaraza chake ni kipana kuliko chetu, na hapo alikuwa ametundika gauni la bibi harusi, jeupe, la mteja wa kesho. Godoro liliposhuka lilishuka nalo.

Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi, maana sikimbii lawama. Nilimkuta amekaa sakafuni, gauni magotini, anachomoa nyuzi za godoro kwenye lesi. Hakupiga kelele. Alisema baba, wewe ni mtu mzima, lakini leo umekuwa mjinga, hukujua kwamba upepo wa huku juu hugeuka saa sita.

Mjinga! Fool! Nilimpa kadi. Akatia sahihi bila kuelewa, nadhani kwa uchovu. Ningeweza kuondoka hapo. Lakini ukweli ni ukweli, na mwalimu hakubali alama asizostahili. Nikamwambia kwa heshima kwamba amenisingizia. Nilijua kuhusu upepo wa saa sita. Nimekaa jengo hili miaka kumi na tisa. Nilijua kabisa, niliupima hata kwa kidole, na bado nikaenda kunywa chai.

Alinyanyua uso.

"Ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Basi niwie radhi, baba," akasema. "Nilikosea. Wewe si mjinga. Wewe ni mpumbavu."

Nilikaa kwenye ngazi kwa furaha. Maelezo yangu yote ya Jumatatu, kurasa nne, mwanamke huyu ameyathibitisha kwa pumzi moja na sindano mdomoni. Fool akawa idiot mbele ya macho yangu! Nikarudi na kadi ya pili. Safari hii alisoma kwanza, akanitazama, akatia sahihi, akafunga mlango. Kama nilivyoandika: mpumbavu hufungiwa mlango.

Mke wangu ameshuka kumsaidia kushona lesi. Amesema nisishuke.

Jumamosi, 9 Machi

Kadi mbili tena, lakini moja sijui niiandike vipi.

Nilikwenda stesheni ya mabasi kumpokea mama mkwe. Mimi namheshimu mno mama mkwe. Tangu siku ya posa sijawahi kumkazia macho, na sikuona sababu ya kuanza leo. Basi lilipofika nilisimama mlangoni nimeinamisha kichwa. Nikaona viatu vya kike vya kizee, sanduku la kahawia. Nikasema shikamoo mama, nikachukua sanduku, nikatangulia. Njia nzima nilimweleza historia ya majengo, naye aliitikia vizuri sana.

Mke wangu alifungua mlango, akatazama nyuma yangu, akaniuliza huyu mama ni nani.

Hakuwa wetu. Alikuwa mgeni wa watu, mkunga mstaafu. Alidhani mimi ni dereva aliyetumwa na mwanawe. Alikaa kitini, akavua viatu, akaniuliza kama kweli mama mkwe wangu simjui kwa sura. Nikamweleza kuhusu heshima. Akasema amezalisha watoto elfu mbili na hajaona zumbukuku kama mimi. Zumbukuku! Hilo ndilo nincompoop. Yote mawili yana kengele ndani, ukiyasema mdomo unacheza ngoma. Na kweli, alipolisema alicheka, na mke wangu akacheka, nami nikacheka. Sahihi nzuri sana, ya kiuguzi, haisomeki.

Tulimrudisha stesheni. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la saruji, peke yake, sanduku magotini. Alikuwa amengoja kwa muda wa saa mbili na nusu. Nilianza kumweleza. Hakunikemea. Alininyooshea mkono nimsaidie kuinuka, akaniuliza kama nimekula. Tulipokuwa tunatoka alimwambia mke wangu, akidhani sisikii:

"Usimgombeze, mwanangu. Mumeo ni zuzu tu. Hana ubaya."

Simpleton. Ni lenyewe. Lina huruma ndani, na hiyo ndiyo tofauti. Mtu hamwiti adui yake zuzu. Nimeyapima maneno yote wiki nzima na nilifikiri hili ni jepesi kuliko yote. Nilibeba lile sanduku hadi nyumbani bila kueleza jambo lolote.

Baada ya chakula nilimpa kadi. Alivaa miwani, akaandika jina lake herufi moja moja, akaniuliza kama amekosea mstari.

Kadi sita. Nimebakiza dunce, yaani mbumbumbu, mtu ambaye somo limempita mbele ya macho.

Jumapili, 10 Machi

Nimengoja. Nimekaa sebuleni tangu asubuhi na kadi mfukoni. Mke na mama yake wamezungumza nami vizuri siku nzima. Hakuna aliyenitukana.

Siku ya hasara.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeshinda. Sasa nieleze kwa utaratibu.

Mkalimani aliweka kadi tano. Mistari miwili kila moja. Mimi nikaweka sita, na kurasa ishirini na nne. Mkurugenzi alisoma zangu nyuma kabla ya mbele. Alipofika kwa mama mkwe alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akaivua nayo, akafuta macho. Uzuri wa kazi humgusa mtu.

Kisha akazipanga zote sita kifudifudi, safu moja, akaniomba nisome nilichoandika nyuma na nimwambie ninaona nini. Nikasoma. Nikasema naona kalamu tofauti. Akaniomba nisome mstari wa pili tu, ule wa aliyesemwa. Nikasoma kwa sauti: mimi, mimi, mimi, mimi, mimi, mimi. Nikasema naona mwandiko ni mmoja, tena safi. Mkalimani alikuwa anatazama birika.

"Mwalimu," akasema Mkurugenzi, "darasani kwako, mwanafunzi akisoma jibu mara sita na asilione, ulikuwa unamwitaje?"

"Mbumbumbu," nikasema papo hapo.

Mkalimani alinisogezea kalamu taratibu. Hapo ndipo nilipoona! Mbumbumbu, neno limesikika, limesemwa kwa hiari, na msemaji yupo! Nilitia sahihi yangu mwenyewe. Kadi saba kwa saba. Mkurugenzi akasema kwa hiyo moja alichokoza kidogo yeye, lakini ataikubali, maana msemaji alijibu kwa moyo wake wote.

Jalada alimpa Mkalimani. Alisema mhariri ni mtu anayejua la kuacha, na mimi bado sijaacha lolote. Sitaficha: birika lilipiga mluzi na sikulisikia. Miaka thelathini na moja.

Lakini aliendelea. Akasema mifano yangu haijapata kuonekana. Hai, halali, yenye sahihi. Ataichapa yote saba kama ilivyo, kila neno na tukio lake: bomba, godoro, stesheni. Ndani ya kamusi. Nikapiga hesabu haraka. Mkalimani jina lake litatokea mara moja, tena kwenye jalada, ambalo ndilo huchanika kwanza. Langu mara saba, ndani, pasipochanika!

Hapo Mkalimani akakohoa. Akasema kwa heshima ya Mwalimu, na kwa ajili ya familia yake, ingefaa pale kwenye jina tuweke "Fulani". Mkurugenzi akasema naye alikuwa akifikiri hivyo hivyo. Wote wawili walinitazama kwa upole mwingi.

Upole! Nimefundisha watoto elfu nyingi, wivu naujua hata ukivaa suti. Mtu ana jina mara moja, anaona mwenzake anayo saba, anataka kumpora kwa mkono wa huruma. Nilisimama. Nikawaambia kwamba Fulani hakufungua nati, Fulani hakupima upepo, Fulani hakwenda stesheni. Aliyefanya ni mimi. Mkurugenzi aliniuliza kama nina hakika. Aliniuliza tena. Mara ya tatu alinipa karatasi ya ridhaa niisome nyumbani. Nikaitia sahihi palepale, bila kuisoma, ili Mkalimani asipate muda wa kupanga lingine.

Mkalimani alinishika bega nilipotoka. Akasema, "Mzee mwenzangu, nilijaribu." Hata kukiri, akakiri!

Jumanne, 12 Machi

Nimemweleza mke wangu ushindi wote tangu mwanzo. Alikaa. Aliuliza kama ni jina langu kamili. Nikasema ndiyo. Aliuliza kama kamusi hiyo itauzwa shuleni. Nikasema shule zote, na maktaba. Alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakamtikisika. Mama yake alimpapasa mgongo. Wanawake hulia kwa furaha kuliko sisi.

Mama mkwe ndiye aliyeniuliza swali la maana. Yule binamu yangu, mwenye majina mawili kama yangu, watu hawatadhani ni yeye?

Sikumaliza chai. Nimekimbia hadi ofisini, ngazi zote mbili, nikawawahi kabla kurasa hazijaenda kwa mpiga chapa. Nimewaongezea jina la babu, shule niliyofundisha, mtaa, na namba ya nyumba. Nimeuliza pia kama kuna nafasi ya picha. Mkurugenzi amesema, kwa sauti ya chini, kwamba nafasi ipo.